Mwenye Kompyuta ni Nani?

Kuna kasumba iliyoota mizizi miongoni mwa baadhi ya watu wanaojiita wataalamu wa kompyuta. Kila wamwonapo mtu aliyenunua kompyuta mpakato mpya, kisha akauondoa mfumo endeshi iliokuja nao na kuurudisha ule wa zamani aliouzoea, humcheka na kumwita mshamba anayekimbia maendeleo. Kasumba hiyo haifai hata kidogo. Wanaoieneza ama hawayajui, ama wanajifanya kutoyajua, yale yaliyotokea Marekani kuanzia mwaka 2007.

Tarehe 30 Januari, 2007, kampuni ya Microsoft ilianza kuwauzia watu wa kawaida mfumo wake mpya, Windows Vista. Mfumo uliotangulia, Windows XP, ulikuwa sokoni tangu Oktoba 2001, na makarani, walimu na wahasibu wa nchi nyingi walikuwa wameuzoea kama mkulima alivyouzoea mpini wa jembe lake. Kwa masharti ya Microsoft yenyewe, XP uliweza kwenda katika kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 64. Vista ulidai megabaiti 512 kwa uchache, na hata zilipopatikana ulijikokota. Mtu alitoa fedha zake, akafungua boksi, akawasha mashine mpya kabisa, akaiona nzito kuliko kuukuu aliyoiacha mezani. Na pengine printa yake ya siku zote ikawa haitambuliwi. Je, mtu huyo akitaka arudishiwe XP wake, ni maendeleo gani anayoyakimbia?

Wala si watu wadogo peke yao waliolalamika. Aprili 2007, kampuni ya Dell ilianza tena kuuza baadhi ya kompyuta zake zikiwa na XP, kwa kuwa wateja walidai hivyo. Mwaka 2008 jarida la InfoWorld liliandaa ombi la kutaka XP usiondolewe sokoni, na watu zaidi ya laki mbili wakatia sahihi. Zaidi ya hayo, ilifunguliwa kesi kuhusu kompyuta zilizobandikwa kibandiko cha kudai kwamba zinauweza mfumo wa Vista, na katika kesi hiyo zikatolewa barua pepe za wakubwa wa Microsoft wenyewe. Mmoja wao alilalamika kwamba kompyuta mpakato yake ya dola 2,100 imegeuka chombo cha barua pepe tu. Mkubwa wa kampuni akisema hivyo huitwa tathmini. Mwalimu akisema, huitwa ushamba!

Na kampuni ilijibuje? Ilikubali kwamba mnunuzi anaweza kurudi XP, lakini haki hiyo ikawekwa katika matoleo ya bei kubwa tu, yaani Vista Business na Vista Ultimate. Aliyenunua Home Basic au Home Premium, ambaye aghalabu ndiye mwenye mfuko mwembamba, hakupewa. Kumbe kurudi nyuma hakukuwa dhambi, ila kulitakiwa kulipiwe. Kisha tarehe 30 Juni, 2008, XP ukaacha kuuzwa kwa watengenezaji wakubwa wa kompyuta.

Hata mwenye leseni alipata taabu. Alitumbukiza diski ya XP, naye mtambo ukamjibu kwamba hauoni diski kuu yoyote. Sababu ni kwamba kompyuta mpya ziliwasiliana na diski kuu kwa utaratibu ambao XP haukuufahamu. XP ulitaka upewe programu ya kuitambua diski hiyo, tena upewe kwa diski laini ya flopi, ilhali kompyuta mpakato mpya haikuwa na hata tundu la kutilia flopi. Mjanja aliingia katika mipangilio ya msingi ya mashine akabadili utaratibu huo, iwapo mtengenezaji alimwachia nafasi. Akishavuka hapo, sauti haitoki na mtandao haunasi, maana mtengenezaji hakujisumbua kuandaa programu za vifaa hivyo kwa ajili ya XP. Vikwazo vya namna hii havikushuka kutoka mbinguni.

Wapo wasemao kwamba mfumo wa zamani ni hatari. Ni kweli, pale unapokuwa hautunzwi tena. Kirusi cha WannaCry, kilichovuruga hospitali nyingi za Uingereza mwezi Mei 2017, kilipenya katika mashine ambazo hazikuwa zimepata masahihisho, na anayeng'ang'ania mashine ya namna hiyo ofisini anahatarisha mafaili ya wenzake pia. Lakini XP ulitunzwa hadi Aprili 2014, hivyo hoja hiyo haimgusi aliyeurudia mwaka 2007. Tena, kirusi hicho kilipozuka, Microsoft ilitoa masahihisho ya XP, miaka mitatu baada ya kusema imemalizana nao. Uwezo ulikuwapo.

Mwaka 2009 Windows 7 ulipoza hasira za wengi, lakini kampuni ilikwisha pata funzo lake. Januari 2016 ilitangaza kwamba prosesa za kizazi kipya zitahudumiwa kwa mfumo mpya tu. Mwaka 2017 ikazizuia kompyuta zenye prosesa hizo zisipate masahihisho ya Windows 7, ingawa mfumo huo ulikuwa na muda wa kutunzwa hadi Januari 2020. Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, umefuata nyayo zile zile: leseni ya Pro iliyokuja na kompyuta iliruhusu kurudi Windows 10, leseni ya Home haikuruhusu. Na matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba, 2025.

Kwa hiyo ofisa anayenunua kompyuta za idara, au mwalimu mkuu anayenunulia shule, hana budi kumbana muuzaji kabla ya kutoa hundi. Leseni hii inaruhusu kurudi mfumo upi? Programu za sauti, mtandao na printa za mfumo huo zipo? Huo mfumo utatunzwa hadi tarehe gani? Majibu yaandikwe katika mkataba, na muuzaji atie sahihi.