Tazama Aliye Dhaifu: Neno kwa Baba Anayepanga Likizo ya Familia Kusini mwa Afrika



Ndugu zangu katika imani, likizo za shule zinakaribia na maswali yamekuwa mengi. Wapo wanaouliza hukumu ya kusafiri kwa ajili ya mapumziko tu. Wapo ambao bei za tiketi wameshaziangalia, wana ndugu Johannesburg au Durban, mtoto mkubwa ana miaka saba, wa mwisho bado ananyonya, na swali lao ni moja: Shekhe, tupange vipi? Leo nawajibu wote, ila maneno yangu nayaelekeza zaidi kwako wewe baba. Wewe ndiye mchungaji wa hiyo safari, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga.

Kuhusu hukumu nitasema kwa ufupi. Kumpumzisha mke na kuwafurahisha watoto kwa mali ya halali si israfu, maadamu hukuacha wajibu nyuma yako. Mnakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa (Allah awaridhie). Salman alimkumbusha mwenzake kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) akamsadikisha Salman.

Sasa tuje kwenye mpango, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu.

Baba anafungua ramani ya kusini mwa Afrika, macho yanamng'aa. Anataka Kruger, anataka Cape Town, anataka maporomoko ya Victoria, na akisikia kuna jangwa Namibia nalo analiweka kwenye orodha. Siku kumi! Ndugu yangu, umepima hizo barabara? Johannesburg hadi Durban ni kama kilomita 570, ni saa sita za kuendesha kama hakuna anayelia. Johannesburg hadi Cape Town ni kama kilomita 1,400. Namibia ni nchi nzuri mno, lakini barabara zake nyingi ni za changarawe, na kutoka Windhoek hadi kwenye mchanga mwekundu wa Sossusvlei unakwenda takriban saa tano. Wewe utaona mandhari. Mtoto wa miaka miwili ataona mgongo wa kiti chako.

Uthman bin Abil-Aas alipofanywa imamu wa watu wake, Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alimwelekeza awaswalishe kwa kumtazama aliye dhaifu zaidi kati yao. Tafakari hilo. Ikiwa swala, ambayo ndiyo nguzo, imamu anaipima kwa mnyonge aliye nyuma yake, vipi likizo? Na yeye mwenyewe Mtume alikuwa akianza swala ana nia ya kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Mtoto analia, imamu anafupisha! Wewe mtoto analia kiti cha nyuma, na unajibu kwamba zimebaki kilomita mia mbili tu.

Hii ndiyo rai yangu, na nitaisimamia: safari ya familia yenye watoto wadogo ipangwe kwa uwezo wa aliye mdogo kuliko wote. Yeye akilala vizuri, akala, akanywa, nyote mtapumzika. Yeye akiteseka, hakuna simba wala bahari itakayowafurahisha. Mtume ametufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, na sababu aliyoitaja ni kwamba inamzuilia mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake. Basi mpango wako wote uanzie kwenye mambo hayo.

USINGIZI

Chagua vituo viwili tu kwa siku kumi, na barabara isizidi saa tatu kwa siku moja. Nitakupa mfano wa familia inayotua Johannesburg mwezi wa Juni au Julai.

Kituo cha kwanza ni hifadhi ya Pilanesberg, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka Johannesburg. Iko ndani ya mabaki ya volkano iliyozimika zamani, ina simba, tembo, faru na nyati, na haimo katika eneo la malaria. Kwenye malango yake kuna kambi za Manyane na Bakgatla, zenye vijumba vya kujipikia na mahali pa watoto kucheza. Jirani yake kuna Sun City yenye kasino. Kuna haja gani ya kuwalaza wanao hapo wakati kambi zipo?

Utaniuliza: kwa nini si Kruger, ambayo ndiyo maarufu? Kruger ni kubwa, karibu kilomita za mraba 20,000, na urefu wake kama kilomita 350. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami, na huruhusiwi kushuka kwenye gari ila sehemu maalumu. Matembezi ya gari la wazi yanayoongozwa na askari wa hifadhi hayapokei watoto walio chini ya miaka 6. Na ni eneo la malaria, ambako madaktari hushauri wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5 wasiende bila sababu. Ngojea wakue. Kruger haiendi popote.

Kituo cha pili kiwe Durban. Usiendeshe, panda ndege, ni kama saa moja. Juni na Julai ni majira ya baridi kule kusini. Cape Town wakati huo ni mvua na upepo, lakini Durban jua linawaka mchana na Bahari ya Hindi bado ina joto. Kaeni siku tano. Asubuhi ufukweni, adhuhuri watoto walale, alasiri mtoke tena. Mtoto aogelee baina ya bendera za waokoaji tu, kwa sababu mawimbi ya kule si kama ya Oyster Bay wala Nyali.

Na msidanganyike na neno "Afrika". Alfajiri ya Julai kule Pilanesberg ni baridi ya kutia ganzi vidole. Bebeni masweta mazito, kofia za sufi na soksi.

CHAKULA NA KINYWAJI

Alhamdulillah, Afrika Kusini ni katika nchi zisizo na Waislamu wengi ambazo halali ndani yake inapatikana kwa wepesi. Madukani utaona mihuri ya SANHA na ya MJC kwenye kuku, mkate, hata biskuti za watoto. Durban ina maduka mengi ya nyama ya Waislamu. Nunueni nyama mjini, igandisheni, mwende nayo kambini kwenye kisanduku cha barafu.

Jambo moja la kuangalia: kila kijumba kina jiko la nje la kuchomea nyama, wenyewe wanaliita braai. Waya wake umeshachomewa nguruwe mara ngapi, Allah ndiye ajuaye. Nunua waya wako mpya, ni rahisi, au uoshe ule uliopo mpaka utakate.

Na hapa nataka kusema na wanaume, msikilize vizuri. Nyumba ya kujipikia ni nafuu, ni salama kwa halali, na watoto wanakula wanachokijua. Lakini kama maana yake ni kwamba mkeo amehamisha jiko lake kutoka Mbagala kwenda Pilanesberg, hiyo si likizo yake, ni likizo yako. Yeye ndiye aliyepanga mabegi, ndiye anayeamka usiku kunyonyesha, ndiye anayebadilisha pampasi kwenye kiti cha gari. Bi Aisha (Allah amridhie) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahli zake. Wewe ni bora kuliko yeye? Basi shika zamu. Siku moja pika wewe, siku moja nunueni chakula, na alasiri moja chukua watoto wote, umwache alale bila kuulizwa chochote. Nimesikia wanawake wakisema wamerudi likizo wamechoka kuliko walivyoondoka. Huo ni malalamiko ya haki, na mbele ya Allah haki haipotei.

AFYA NA KARATASI

Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia. Anayeingia Afrika Kusini kutoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwemo, anatakiwa awe na cheti cha chanjo, na sharti hilo linawahusu watoto waliotimiza mwaka mmoja. Chanjo huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiikimbilie siku ya safari. Nchi nyingine ulizeni ubalozi mapema. Bebeni pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili, na kama mzazi mmoja anasafiri peke yake na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake.

Ukikodi gari, agiza na viti vya watoto. Sheria ya Afrika Kusini inataka mtoto aliye chini ya miaka mitatu akae kwenye kiti chake maalumu. Hata isingekuwa sheria, kumpakata mtoto kiti cha mbele ni kuichezea amana. Mkiamua kwenda eneo la malaria, muoneni daktari kabla, maana dawa ya kinga hupimwa kwa uzito wa mtoto, na chandarua msikidharau kwa kuwa mmezoea mbu.

SWALA

Msafiri amepewa ruhusa ya kufupisha na kukusanya, nayo ni sadaka kutoka kwa Allah, ipokee. Lakini kumbuka kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, unatimiza swala tangu unapofika. Basi katika mfano wangu, siku tatu za Pilanesberg unafupisha, siku tano za Durban unatimiza. Kibla huko ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Mpe mwanao wa miaka saba kazi ya kukitafuta kila mnapofika. Ataikumbuka hiyo kuliko twiga.

Na mkiwa Durban, mpelekeni kwenye msikiti wa Juma, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1881. Kisha muelezeni kisa hiki, maana kinatuhusu. Kuanzia mwaka 1873, manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa katika pwani yetu ziliwashusha Durban watu waliookolewa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, na Waislamu walikuwa wengi kati yao. Wakaitwa "Wazanzibari", wakaishi Kings Rest, wakashika dini yao. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ikawahamisha kwa nguvu kupelekwa Chatsworth, na wajukuu zao wapo huko mpaka leo, wanaswali. Hawakuwa na kitabu mkononi wala ndugu wa kuwapokea, na swala haikuwapotea. Wewe una simu yenye adhana mfukoni.

MALI

Usikope kwa riba ili ukapumzike. Raha ya siku kumi inayokuletea vita na Allah na Mtume wake ni hasara. Na usipande ndege huku mama yako mzazi hana dawa, au ada ya mtoto haijalipwa. Asiye na uwezo asijione amepungukiwa. Kama shida yako ni kuona simba tu, Mikumi iko karibu na Dar es Salaam, na Tsavo iko njiani baina ya Mombasa na Nairobi. Kama hata hiyo haiwezekani, wapeleke wanao kwa bibi yao kijijini siku nne, zima simu, cheza nao. Mtoto wa miaka mitatu hajui jina la nchi. Anajua kama baba alikuwepo.

Ndugu yangu, kabla hujalipia chochote, fanya hivi. Kaa na mkeo, chukueni ile orodha ya mahali mnapotaka kwenda, kila mstari mjiulize: mdogo wetu ataweza? Kama hawezi, futa. Ukibaki na sehemu mbili, alhamdulillah. Mtume alimwambia Anjasha, aliyekuwa akiwaongoza ngamia waliobeba wanawake, apunguze mwendo, akawafananisha na vyombo vya kioo. Nawe umebeba vyombo vya kioo kwenye gari lako. Punguza mwendo.

Allah awahifadhi wasafiri wetu na watoto wao, awape mapumziko yenye baraka, awarudishe majumbani salama, na awape wasio na uwezo riziki ya halali yenye wasaa. Aamiin.

Mtumie baba unayemjua anapanga safari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.