Makabila Mawili Langoni, Lugha Moja Darasani

Majuma machache yaliyopita, nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili mada ya toni, mmoja wao aliniuliza swali ambalo sijaacha kulitafakari. Alikuwa ameona katika ramani ya Uchina jina refu la tarafa moja: Tarafa ya Wadong na Wamiao ya Mobin. Akataka kujua kama watoto wa huko husomeshwa kwa Kidong au kwa Kimiao. Nilimjibu kwamba lugha ya masomo katika tarafa za aina hiyo ni Kichina. Darasa likaangua kicheko, nami nikaona haja ya kueleza.

Mobin imo katika wilaya ya Huitong, mkoa wa Hunan, na wilaya hiyo ina tarafa kadhaa zenye jina la makabila hayo mawili. Serikali ya Uchina huyatambua makabila 56, Wahan wakiwa zaidi ya tisa katika kila watu kumi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, Wamiao walipita milioni 11, na Wadong walikaribia milioni tatu na nusu. Mahali ambapo watu wa makabila madogo wanafika takriban asilimia 30 ya wakazi, tarafa yaweza kupewa jina lao, na mkuu wake sharti atoke miongoni mwao. Lakini tarafa, tofauti na wilaya na majimbo yenye utawala wa ndani, haina uwezo wa kujitungia kanuni zake. Imepewa jina, haikupewa rungu.

Jina lenyewe nalo lina utata wake. Wadong hujiita Kam, na lugha yao ina udugu wa mbali na Kithai. Lugha za Kimiao ni za ukoo mwingine kabisa. Kuziweka kapu moja na Kikam ni sawa na kudai kwamba Kiswahili na Kijaluo ni ndugu kwa kuwa wasemaji wao hukutana sokoni. Isitoshe, "Kimiao" si lugha moja. Mwaka 1956 wataalamu walilazimika kutunga alfabeti kadhaa kwa ajili ya watu waliokuwa wakiitwa kwa jina hilo moja. Ajabu zaidi, mpakani mwa Hunan, Guizhou na Guangxi kuna jamii iitwayo Cao Miao: katika daftari za serikali ni Wamiao, ilhali lugha yao ni ya ukoo wa Kikam. Karani aliandika kabila, hakusikiliza ulimi.

Kwa sisi wanaisimu, Kikam ni hazina. Kina toni tisa katika silabi zilizo wazi, na mwaka 1958 kilipewa alfabeti ya Kilatini iliyojengwa juu ya matamshi ya kijiji cha Zhanglu, wilayani Rongjiang, mkoa wa Guizhou. Hadi hapo historia, sheria na nasaba zilikuwa zikihifadhiwa kwa nyimbo, na watoto walikuwa wakifundishwa kwa makundi na walimu wa nyimbo. Uimbaji wao wa sauti nyingi, usio na ala wala kiongozi wa kupunga mkono, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za binadamu mwaka 2009. Watalii humiminika kuusikiliza chini ya minara ya ngoma. Waama, hapo ndipo kiini cha malalamiko yangu kilipo. Katika lugha ya toni, lahani na maana hushikana mikono. Mtoto asiyeijua lugha aweza kukaririshwa wimbo kama kasuku akapigiwa makofi, asijue babu yake alikuwa akisimulia nini.

Mwaka 2021 Wizara ya Elimu ya Uchina iliagiza shule za chekechea katika maeneo ya vijijini na ya makabila madogo zitumie Kichina sanifu. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1982 inayapa makabila yote uhuru wa kutumia na kukuza lugha zao, lakini inaiamrisha dola ieneze Kichina sanifu kote nchini. Kati ya uhuru na amri, msomaji anajua upi hushinda.

Sithubutu kuwalaumu wazazi. Mtihani wa kuingia chuo kikuu huandikwa kwa Kichina, na viwanda vya Guangdong haviajiri kwa Kikam. Mimi mwenyewe, katika shule ya msingi hapa Kenya, nilivishwa shingoni kipande cha mti kwa kosa la kusema lugha ya mama, na wazazi wangu waliponiona nacho waliniunga mkono mwalimu, si mimi. Walikuwa wakinitakia mema.

Hata hivyo, mambo haya hayakuhitaji kuwa vita. Mwaka 2000, katika kijiji cha Zaidang, wilayani Rongjiang, kulianzishwa mradi ambao watoto walitumia miaka miwili ya chekechea wakijifunza kusoma Kikam kwanza. Kichina hakikufukuzwa, kiliwakuta watoto wakiwa tayari wanajua kusoma ni nini. Gharama ilikuwa vitabu, na walimu wa kijiji walioijua lugha. Tarafa yenye majina ya makabila mawili ingeweza kuanzia hapo, kama ingeruhusiwa.

Nilipomaliza maelezo hayo niliandika ubaoni Gaeml, jina la Wadong kwa alfabeti yao. Darasa zima likaitamka ile l ya mwisho. Nikawaambia herufi hiyo haitamkwi, ni alama ya toni. Zipo nyingine nane za namna hiyo, zote herufi za kawaida ambazo hata taipureta ya zamani inazo. Yule mwanafunzi wa ramani ameomba nimletee orodha nzima kipindi kijacho.