Miezi Sita kwa Mkupuo

Biashara ikifungwa Sinza, mtaa mzima unakuwa na jibu kabla hata bango halijashushwa. Hakuwa na nidhamu ya fedha. Alichanganya mtaji na matumizi ya nyumbani. Hakumtanguliza Mungu. Jirani kamfanyia mambo. Sisi tuliosoma tuna letu, tunalitamka kwa sauti ya kitaalamu: hakufanya utafiti wa soko. Nimeyasikia majibu haya yote kwenye mtaa mmoja, kuhusu fremu moja, na nimechoka nayo. Yote yanamchunguza mtu aliyeondoka. Hakuna hata moja linalouliza alikuwa akilipaje kodi.

Naishi Sinza tangu mwaka wangu wa pili wa shahada ya kwanza pale Mlimani, na sasa niko kwenye uzamili. Kutoka chumbani kwangu hadi kituo cha daladala napita mbele ya fremu kumi na moja. Katika muda wote huo, zenye mpangaji yuleyule ni mbili tu: duka la Mangi, ambaye jengo ni la kaka yake, na duka la dawa, ambalo mwenyewe ana mengine mawili kwingine. Tisa zilizobaki zinabadilika kama abiria kwenye siti ya dirishani. Ile ya kona imekuwa ya fundi cherehani, kisha wakala wa miamala ya simu, kisha wigi na kucha, kisha mgahawa, kisha ikakaa miezi na kufuli lake, na sasa inauza juisi. Ukimwuliza mpita njia atakwambia watu wa siku hizi hawana uvumilivu.

Nitazungumzia mgahawa, kwa sababu huo niliula. Dada aliyeuendesha tulimwita Dada wa Ndizi. Asubuhi alikuwa na supu na chapati, mchana ndizi nyama au wali maharage, Ijumaa pilau. Sahani shilingi 2,500. Alijua nani hali pilipili na nani analipa mwisho wa mwezi boom likitoka. Hesabu zake alinipa mwenyewe, jioni moja akiosha masufuria, kwa sababu nilimwuliza na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Kodi ya fremu ilikuwa 300,000 kwa mwezi. Ila Dar es Salaam hakuna mtu anayelipa kodi ya fremu kwa mwezi. Alitakiwa miezi sita kwa mkupuo: 1,800,000. Dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja, 300,000 nyingine. Hapo hajanunua hata mwiko. Alikuwa na milioni nne, sehemu kutoka kikoba na sehemu mkopo wa dada yake. Zaidi ya nusu ya mtaji ikaishia mikononi mwa watu wawili ambao hawakupika chochote. Iliyobaki akawekea vigae, sinki, rangi na feni, kwa sababu fremu ilipangishwa ikiwa na kuta nne na mlango wa chuma tu. Akabakiwa na pesa ya kununulia mchele wa kuanzia.

Sasa tumpe bahati ambayo hakuwa nayo. Tuseme aliuza sahani 60 kila siku tangu siku ya kwanza. Baada ya chakula na gesi, kila sahani ilimwachia kama shilingi 700. Ni 42,000 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni 1,092,000. Wasichana wawili wa kumsaidia aliwalipa 150,000 kila mmoja. Zinabaki 792,000. Hapo ndipo kodi ya serikali, nauli, ada ya watoto na marejesho ya kikoba vinagombania nafasi. Hata hivyo ni biashara, tena biashara nzuri. Wengi wetu tukimaliza chuo hatutauona mshahara huo haraka.

Mwezi wa sita mwenye fremu akaja. Alikuwa ameiona foleni ya mchana. Kodi sasa ni 450,000, akasema, na safari hii anataka ya mwaka. Piga hesabu: 5,400,000. Chukua zile 792,000 mara sita, unapata 4,752,000. Yaani hata kama wanawe wangefunga miezi sita mfululizo, mchana na usiku, asingeifikisha. Aliondoka na masufuria yake. Vigae vikabaki.

Kilichomtoa ni ile foleni. Angekuwa mpishi mbaya, angeongezewa kidogo au asingeongezewa kabisa. Alichofanya ni kuifanya kona iliyokufa iwe kona inayojulikana, na ujulikanao huo ukageuzwa kuwa bei na kudaiwa yeye. Watu walizoea kusema chakula chake ndicho kilichofanya ile kona ichangamke. Kweli, na alitozwa kwa hilo.

Nilipomweleza rafiki yangu anayesoma uchumi, alinijibu kwa neno moja: soko. Kodi imepanda kwa sababu eneo lina thamani. Sawa, na thamani hiyo imetoka wapi? Sinza haikuota kama uyoga. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja hapa, Kijitonyama na Mikocheni, ikachora barabara na kuvuta maji ili watu wa kipato cha chini wajenge. Ndiyo maana mitaa ya Sinza imenyooka hadi leo wakati ya Manzese, ng'ambo ya barabara, inajipenyeza. Fremu zilikuja baadaye: ukuta wa mbele ukabomolewa, bustani ya maua ikafunikwa zege, sebule ikageuka duka. Chuo Kikuu kikajaza wanafunzi. Mlimani City ikafunguliwa 2006. Thamani imeletwa na umma, na wanafunzi, na wapishi. Anayeivuna ni yule ambaye ukuta uko kwa jina lake. Sisemi asivune. Nasema tuache kuliita jambo hili hali ya hewa.

Na kabla hujanidhania ninamchukia mwenye nyumba, namfahamu. Ni mama mjane, anaishi nyuma ya zile fremu, na ana ugonjwa wa sukari. Fremu tatu ndizo pensheni yake. Anataka kodi ya mwaka kwa sababu aliwahi kukaa na mpangaji aliyelipa mwezi mmoja, akadai "nitakulipa Jumatatu" kwa miezi minane, na kumtoa ikawa kazi. Barazani unaambiwa njoo tarehe fulani, kisha tarehe fulani nyingine. Kwake, kuchukua miezi sita au kumi na miwili mbele ndiyo mahakama yake, polisi wake na bima yake. Watu wawili wanaogopana, kila mmoja ana haki ya kuogopa, na hakuna sheria inayosimama katikati yao.

Iliwahi kuwepo. Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984. Ilifutwa 2005. Sheria ile ilikuwa na kasoro zake, na siililii. Lakini tangu ilipofutwa tumebaki na kauli. Kila baada ya muda kiongozi anasimama jukwaani na kukemea wanaodai kodi ya miezi sita, watu wanapiga makofi, na kesho yake dalali anakwambia, "Miezi sita, bosi, na ya kwangu mwezi mmoja."

Majirani zetu Kenya wana sheria ya mwaka 1965, sura ya 301, iliyotungwa mahsusi kwa wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula. Inamlinda hata mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na yule ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mwenye jengo akitaka kupandisha kodi au kumwondoa, lazima atoe notisi ya miezi miwili au zaidi, tena kwa fomu iliyowekwa. Mpangaji akikataa, kuna baraza maalumu la kodi za pango za biashara la kulisikiliza shauri. Nairobi haijageuka pepo kwa sababu hiyo. Kule nako watu hukuta kufuli jipya mlangoni alfajiri. Lakini mpishi wa Nairobi ana mahali pa kwenda na karatasi yake. Dada wa Ndizi alikuja kwangu, mwanafunzi.

Badala ya hayo, sisi tunahubiriwa. Sijui ni semina ngapi za ujasiriamali nimehudhuria tangu nianze chuo. Bahasha, chai, cheti. Vijana jiajirini. Acheni kuchagua kazi. Anza na ulicho nacho. Mzungumzaji huwa amevaa suti nzuri na huwa hajawahi kupangisha fremu Sinza. Sijasikia hata mmoja akisema: anza na kodi ya miezi sita ya mtu mwingine. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri na ninauunga mkono. Ila ufuatilie mkopo huo siku unapotoka. Kikundi kinasaini leo, kesho kinatafuta sehemu ya biashara, keshokutwa nusu ya mkopo iko kwa mwenye fremu na dalali. Marejesho yanabaki kwa kikundi. Fedha za umma zinawapita vijana kama maji ndani ya mrija, na mrija ndio unaodaiwa.

Kuna mengine madogo. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwa sheria inakatwa kutoka kwenye pango la mwenye nyumba. Mtaani anaambiwa mpangaji ailipe juu ya pango, asipotaka fremu iko hapo wengine wanaitaka. Mabasi ya mikoani yalihama Ubungo kwenda Mbezi 2021, na wauza chakula wa upande wa Shekilango walipoteza wateja bila kuulizwa. Sina hasira sana na hilo la mabasi. Stendi lazima ihame siku moja. Mtu mwenye mkataba wa miaka mitatu anaweza kuvumilia stendi kuhama. Aliyelipa miezi sita anahama nayo.

Ninalotaka si kubwa. Kodi ya kutanguliza kwa fremu ndogo isizidi miezi mitatu. Mkataba wa maandishi wa walau miaka miwili, na ongezeko la kodi litajwe humo tangu mwanzo. Aliyeweka vigae na sinki alipwe thamani yake anapotolewa, au aondoke navyo. Dalali alipwe na aliyemtuma. Na baraza litakaloamua ndani ya wiki chache, ili yule mama mjane naye asihitaji kujikinga kwa mwaka mzima wa fedha za mwenzake. Mtu akiniambia haya yatawafukuza wawekezaji, nitamwomba anionyeshe mwekezaji aliyekuwa anakuja kwenye fremu ya futi kumi kwa kumi na mbili Sinza.

Halafu kuna sisi, wasomaji wa majarida kama haya. Mgahawa ukifungwa tunaweka picha ya zamani mtandaoni, tunaandika kwamba jiji limepoteza roho, tunaweka moyo uliopasuka. Wiki inayofuata tunapiga picha glasi ya juisi mahali palepale, mwanga ukiwa mzuri, vigae vyeupe vikiwa vimetokea vizuri nyuma. Nani aliviweka hatuulizi. Tunajua majina ya wamiliki wa migahawa ya Masaki iliyofungwa. Wa mitaani kwetu tunamwita "mama" hadi anapoondoka, kisha hatujui tumtafute kwa jina gani. Huzuni ya namna hiyo haina gharama. Haimpunguzii mtu hata mwezi mmoja wa kodi. Afadhali tungekuwa tunauliza, tukiwa bado tunakula: umelipa hadi lini? Mkataba unao? Ukipandishiwa utaenda wapi? Ni maswali ya kawaida kabisa, tunaulizana sisi kwa sisi kuhusu vyumba vyetu kila muhula.

Dada wa Ndizi sasa anapika Goba, nje ya nyumba aliyopanga, juu ya meza mbili na chini ya turubai. Wanafunzi hakuna, wateja wake ni mafundi ujenzi. Wale wasichana wawili hakuweza kuwachukua. Mkopo wa dada yake bado anaulipa.

Kijana wa juisi amelipa hadi mwisho wa Novemba. Juzi dalali alikuja na watu wawili na futi kamba. Walipima upana wa mlango, wakapima kina, mmoja akagonga vigae kwa kidole kusikia kama vimeshika. Kijana alikuwa anamenya nanasi. Hawakumsalimia.