Lugha ya mutu si kosa

Wandugu wa shimo na jamaa zenu,

Vita ya Donbas, kule mashariki ya Ukraine, tunaisikia ku redio kama mambo ya mbali. Lakini Donbas ni inchi ya makaa ya mawe. Wengi wa kule ni watu wa shimo kama siye, na ku nyumba wanasema Kirusi.

Tangu 2014, kila upande unasema unapigana kwa faida yao. Basi tuangalie namna wanavyotendewa.

Serikali ya Kyiv ilikata pensheni ku fasi zenye haitawali tena. Muzee aliyechimba makaa maisha yake yote alipashwa kujiandikisha kama mukimbizi, kisha kupita vizuizi vya askari na kusimama mustari saa nyingi, ili apate feza yake mwenyewe. Pensheni si zawadi ya Leta. Ni jasho lililowekwa akiba. Siye tunajua uchungu huo.

Upande wa pili haukufanya vizuri zaidi. Mu Februari 2022, wakubwa wa Donetsk na Luhansk, wenye kutegemea Moscow, walikamata wanaume mpaka miaka 55 na kuwapeleka vitani. Wachimbaji pia walitolewa ku kazi, wakapewa bunduki.

Na Mariupol? Ni muji wa watu wengi wanaosema Kirusi. Jeshi la Urusi liliuzunguka na kuupiga. Watu walijificha ndani ya teatro, na inje, chini, waliandika kwa herufi kubwa neno «watoto». Waliliandika kwa Kirusi, ili rubani alisome. Tarehe 16 Machi 2022 bomu lilianguka palepale. Moscow inakana, lakini wachunguzi wa Amnesty International walisema ni ndege za Urusi.

Katanga tuliona mambo ya namna hii. Mu 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala ku gare pamoja na watoto. Hakuna aliyewauliza walifanya kazi miaka ngapi. Waliulizwa ukoo tu.

Kwa hiyo tunasema wazi: raia asihesabiwe adui kwa sababu ya lugha yake, muzee alipwe pensheni fasi yoyote anapoishi, na muchimbaji asipelekwe vitani kwa nguvu.

Na siku mutu atasimama ku mulango wa shimo letu kusema anakuja kulinda watu wa lugha yetu, tumuulize kwanza: mishahara yao, pensheni yao na masomo ya watoto wao, umevilinda wapi?