Tuwatenganishe ili Tuwafundishe, Si ili Tuwaache



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yatangazwapo, huanza majumbani mwetu mazungumzo yasiyokwisha upesi. Mtoto wa jirani amechaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu. Wa kwetu amepangiwa shule ya kata. Huyo wa kwanza hushonewa sare kwa vigelegele. Wa pili huambiwa, “Basi, ndivyo ulivyo.” Swali la Jumapili hii ni hili: je, ni haki na ni busara kuwatenganisha watoto kwa kipimo cha uwezo wao darasani, hawa waandaliwe kwa chuo kikuu na wale kwa mambo mengine?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Waingereza walipoanzisha Shule ya Tabora katika miaka ya 1920, waliikusudia hasa kwa wana wa machifu. Hadi tulipojitawala, shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mwaka 1962 ubaguzi huo wa rangi ulifutwa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliikosoa elimu iliyotayarishwa kwa ajili ya wachache watakaoendelea mbele, huku walio wengi wakiachwa wajione wameshindwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likafuata, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza kutekelezwa. Tulikataa basi kumpima mtoto kwa nasaba, tukakataa kumpima kwa rangi. Kikabaki kipimo cha tatu, nacho ni alama.

Tukiri kwamba kipimo hiki kina heri yake. Shule kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Tabora hazimwulizi mtoto baba yake ana nini. Mtoto wa mkulima aliyepata alama za juu hukaa dawati moja na mtoto wa daktari. Tukizifuta shule hizo kwa jina la usawa, mwenye fedha atampeleka wake katika shule ya kulipia, na mtoto mwerevu wa maskini ndiye atakayepoteza.

Hata hivyo, twende kusini, hadi kata ya Mkotokuyana na vijiji vya Nachingwea na Ruangwa. Huko mtoto mwingi huzungumza nyumbani Kimwera, Kimakua au Kiyao. Hujifunza kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha katika kidato cha kwanza hukabidhiwa masomo kwa Kiingereza. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, karibu na majira ambapo korosho huanza kuanguka na kila mkono wa nyumbani huhitajika shambani. Mwenzake wa Dar es Salaam, mwenye taa ya umeme mezani na mwalimu wa masomo ya ziada jioni, hufanya mtihani uleule, siku ileile. Alama zao zinapowekwa katika mizani moja, je, tunapima akili ya mtoto au tunapima nyumba anayotoka?

Nachingwea inajua hasara ya kuhukumu kwa haraka. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta mitambo mizito na matumaini makubwa kabla ya kuijua vema ardhi na mvua yake. Mwaka 1951 mpango huo ukavunjwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Lakini wakulima wa huko, waijuao ardhi yao, wanavuna hadi leo korosho, ufuta, mbaazi na karanga zenyewe. Mtoto naye yafaa ajulikane kwanza ndipo apangiwe.

Tena, si kila mti huzaa msimu mmoja. Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, alianza maisha yake ya kazi akiwa mwalimu. Shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliipata mwaka 1998, akikaribia umri wa miaka 40. Kama mlango wa chuo kikuu ungefungwa kabisa kwa asiyeuingia akiwa kijana, yeye asingeuvuka.

Je, maana yake ni kwamba kila kutenganisha ni kubaya? La hasha. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi zilizoongezewa mwalimu ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika baadhi ya shule watoto waligawanywa kwa kura; katika nyingine kwa alama zao. Baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawa kwa alama zilifanya vizuri zaidi, na waliofaidika ni watoto wa makundi yote mawili, wa juu na wa chini. Mwalimu aliweza kufundisha kwa kiwango walichokuwa nacho wanafunzi waliokuwa mbele yake. Lakini, ndugu msomaji, zingatia jambo hili: walimu walipangiwa makundi yao kwa kura. Kundi la chini halikupewa mabaki.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Katika shule zetu nyingi, mkondo wa “A” hupewa mwalimu hodari, vitabu na sifa. Mkondo wa “D” hupewa viboko na jina baya. Huko si kupanga watoto kwa ajili ya kuwafundisha. Ni kuwaacha njiani kwa utaratibu. Mtoto aambiwaye kila siku kwamba yu wa mwisho huamini, na akishaamini, hakuna mwalimu atakayemwinua kwa urahisi.

Jambo hili ni zito zaidi sasa, kwa kuwa tangu mwaka 2024 mtaala mpya umeanza kutekelezwa, nao una mikondo miwili ya sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali. Fikra hii ni njema. Taifa haliishi kwa makarani peke yao. Wewe msomaji uliye fundi umeme, fundi mitambo au mshonaji wajua thamani ya mkono wenye ujuzi. Lakini amali bila karakana, bila vifaa na bila mwalimu aliyeiva itakuwa shimo la kuwatupia waliokosa alama. Mkondo wa amali uchaguliwe kwa kipaji na mapenzi, nao uwe na njia ya wazi ya kufika vyuoni.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usiishie kuuliza mtoto wako yumo mkondo gani. Fika shuleni, umsalimu mwalimu mkuu kwa heshima, umwulize mambo matatu. Nani anawafundisha walio nyuma? Wanapimwa upya lini ili anayeinuka apandishwe? Na vitabu vinagawanywaje baina ya mikondo? Ukijibiwa vizuri, shukuru na usaidie. Ukikosa jibu, lipeleke swali katika kikao cha wazazi na kamati ya shule, wala usilichukulie kuwa ni la walimu peke yao.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi na shule kumi bora. Nasi tuache kuyatangaza hayo majumbani. Mtoto aliyepangiwa shule ya kata naye ashonewe sare kwa vigelegele, aulizwe jioni amejifunza nini, na apewe saa moja ya kusoma kabla ya kutumwa dukani. Safari yake ndiyo kwanza inaanza.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia malezi mema.