Nyoka wa kwenye ambulensi na hirizi ya mkononi



Juzi baada ya darasa la Isha, kijana mmoja wa hapa Arusha aliniuliza: "Sheikh, ile alama ya nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, inayochorwa kwenye magari ya wagonjwa, nimesoma kuwa ni ya mungu wa Wayunani. Je, Muislamu anaruhusiwa kupanda gari lile?"

Swali zuri, na alichosoma ni kweli. Wayunani wa kale walimwabudu waliyemwita Asclepius, wakidai ndiye mungu wa uponyaji. Walimchonga kwa marumaru: mzee mwenye ndevu, ameegemea fimbo, na nyoka ameizunguka. Wagonjwa walikwenda kwenye hekalu lake kule Epidaurus, wakalala humo usiku wakingoja awajie ndotoni. Hiyo ni shirki iliyo wazi, hatuipambi. Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaambia watu wake kuwa anapougua, anayemponya ni Mola wake. Na masanamu yao hayakuweza hata kujitetea alipoyavunja.

Lakini tutazame leo. Shirika la Afya Duniani lilichukua fimbo na nyoka kuwa sehemu ya nembo yake mwaka 1948. Nani anaisujudia? Dereva wa ambulensi? Muuguzi wa Hospitali ya Mount Meru? Imebaki kuwa alama ya kutambulisha kazi. Masheikh wana maneno yao kuhusu picha za viumbe, na anayejiepusha nazo nyumbani kwake amefanya vizuri. Ama kumwacha mgonjwa afe kwa sababu ya mchoro ubavuni mwa gari, hilo halimo katika dini yetu.

Waliotutangulia walilijua hili. Galen, tabibu mkubwa, alizaliwa Pergamon, mji uliokuwa na hekalu la huyo huyo Asclepius. Vitabu vyake vilitafsiriwa Baghdad kwa Kiarabu, na Ibn Sina akajenga juu ya elimu ile. Walichukua tiba, wakamwacha mungu.

Kisha nami nikamuuliza kijana: "Na mdogo wako mkononi amevaa nini?" Akainama. Hirizi.

Hapo ndipo penye msiba wetu. Tunakimbia alama ambayo hakuna anayeiabudu, tunafunga mkononi mwa mtoto kitu ambacho tunaamini kabisa kitamlinda! Mtume wetu (s.a.w.) aliikemea hirizi, akaihesabu kuwa ni shirki.

Na huku kwetu nyoka si wa marumaru. Mashambani chini ya mlima Meru na malishoni Monduli, wapo kweli. Pale Meserani, kwenye bustani ya nyoka, zahanati ya jirani imejulikana kwa kuwahudumia wafugaji walioumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sumu ya nyoka. Sisi mtu akiumwa tunamkaza kamba, tunamchanja wembe, tunambandika jiwe la nyoka, saa zinakwenda. Sumu haingoji.

Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujitibu, akatufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Kisomo ni haki: Sahaba alimsomea Al-Fatiha mtu aliyedungwa na mdudu mwenye sumu, na Mtume akaridhia. Basi msomee mgonjwa wako, lakini msomee njiani, gari likiwa linakwenda hospitali. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, usikate, usinyonye.

Fimbo ya Musa (a.s.) iligeuka nyoka kwa idhini ya Allah, si kwa nguvu ya fimbo. Na dawa ya sumu nayo hufanya kazi kwa idhini Yake. Leo ukirudi nyumbani, ivue ile hirizi, na uweke namba ya hospitali kwenye simu yako.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atusafishie nyoyo zetu. Aamin.

Wallahu a'lam.