Nadharia ya Urubani Isiishie Siku ya Leseni
Rubani aliye kazini anapaswa kurudia masomo ya nadharia na kupimwa upya kila mwaka, badala ya kutegemea mtihani aliofaulu alipokuwa akitafuta leseni.

Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Bahari ya Atlantiki na kuua watu wote 228. Vipima kasi viliziba kwa barafu kwa muda usiotimia dakika moja, mfumo wa kujiendesha ukajizima, na pua ya ndege ikainuliwa hadi mabawa yakashindwa kuibeba. Onyo lilisikika tena na tena. Dawa yake, kushusha pua ili hewa ipite vizuri juu ya bawa, ni somo la mwanzo kabisa la urubani.

Afrika Mashariki ina sababu yake pia. Uwanja wa ndege wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyembamba, na joto la mchana huifanya nyembamba zaidi. Ndege inayopaa bila shida Mombasa huhitaji mbio ndefu zaidi huko. Mazoezi ya simuleta, pamoja na umuhimu wake, huzoesha mikono kuliko hesabu za urefu wa mbio hizo.

Wenye dhamana ya leseni waweke mtihani mfupi wa nadharia kila leseni inapohuishwa, na waajiri watenge siku za kusoma zenye malipo kabla ratiba za safari hazijajazwa.